Upande wa Pili wa "Zamu ya Tatu"

San Francisco, 11 Machi 1979

Dada Marlene,

Salamu zikufikie hapo hapo jikoni, maana barua zote za nyumba yetu husomwa jikoni. Baba hajambo? Kifua kimeachia, au bado anakohoa na kuficha dawa chini ya kiti? Mimi mzima. Mvua ya huku inanyesha kwa ubavu, lakini theluji hatuna, kwa hiyo sithubutu kulalamika mbele ya mtu wa Akron.

Lililonikalisha chini niandike ni hili: santuri imetoka. Ni ndogo, ya nyimbo mbili, mmoja kila upande, nakala mia tatu. Upande wa kwanza ndio "Zamu ya Tatu", ule niliokuimbia kwenye simu siku ya Krismasi ukasema unafanana na mashine ya kufulia iliyomeza kijiko. Anayepiga kelele ni Rodney, yule wa duka la rangi niliyekwambia, mwenzangu kwenye bendi. Mimi nipo kwenye sinthesaiza, ile mashine yetu ya kutoa sauti kwa umeme. Gitaa hatuna hata moja, na vijana wa hapa wa muziki wa panki wanatukasirikia kwa hilo. Wanauliza panki gani hii ya kubonyeza vitufe. Rodney anawatukana, wanamtukana, mambo yanakwenda.

Nimekutumia boksi la nakala arobaini. Majalada tumeyakunja kwa mikono juu ya kitanda changu, gundi ilinikaa kwenye nywele wiki nzima. Nakuomba upeleke chache kwenye lile duka la santuri la karibu na chuo, na chache kwenye redio ya wanafunzi. Nyuma ya jalada nimeandika anwani ya nyumbani kwetu, kwa sababu sisi huku tunahama kila mwenye nyumba akichoka na makelele. Barua zikija, nitumie.

Kuhusu upande wa pili sikuambii kitu. Usikilize ukiwa peke yako, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Paulette


Akron, 9 Aprili 1979

Mdogo wangu Paulette,

Barua yako ilifika, na boksi likafika siku nne baadaye, kona moja imebonyea kama limepigwa teke. Sisi tupo kwa kadiri yetu. Kifua cha Baba ni kile kile. Kila mzee wa mtaa huu aliyefanya kazi kiwanda cha matairi anakohoa hivyo; ukisimama barazani asubuhi unawasikia wakiitikiana. Dukani kwa Bwana Kocsis televisheni za kutengenezwa zimepangwa mpaka mlango wa choo na fundi ni mimi peke yangu, kwa hiyo usishangae nikichelewa kujibu.

Hongera. Jalada nimeliona. Jina lako ni kubwa kuliko jina la wimbo. Kwenye picha umesimama nyuma ya mashine yetu, samahani, mashine yako, na umebandika stika pale pale nilipotoboa matundu ya kutolea joto. Ungeniuliza, ningekwambia usibandike kitu hapo.

Kuisikiliza bado. Gramafoni haina sindano.

Nilipeleka nakala dukani, mwenyewe akasema ataangalia. Redio nao walisema wataangalia. Watu wa huku si wa mambo hayo sana, usiweke matumaini.

Baba anakusalimu. Nilimwonyesha picha, akauliza kwa nini hukuvaa koti.

Dada yako,
Marlene


San Francisco, 6 Mei 1979

Dada Marlene,

Natumaini theluji imeondoka na Baba ameanza kukaa nje. Mwambie koti ninalo, nililivua kwa ajili ya picha. Mimi sijambo, isipokuwa kidole kimoja kimeungua, nitakueleza.

Kwanza sindano. Wewe, unayefufua televisheni zilizoanguka ngazini, gramafoni yako haina sindano tangu Machi? Haya, nimesadiki.

Juzi tulipiga kwenye ukumbi mdogo, watu kama tisini. Katikati ya wimbo wa pili mtu akarusha kopo la bia, likatua juu ya mashine, nusu ya sauti zikakata. Rodney akaendelea kupiga kelele peke yake, mimi nikaifungua mbele za watu na kulehemu waya uliokatika. Ndipo nilipoungua. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakashangilia. Mikono yangu ilikuwa inafanya kama yako, Marlene, mpaka ule mtindo wako wa kushika waya kwa meno.

Zile mia tatu zimekwisha. Mwezi ujao tunatoa nyingine mia mbili. Tumesikia redio moja ya Hamburg imeupiga wimbo wetu mara mbili. Barua hazijaja? Rodney ananiuliza kila siku.

Jambo jingine, usikasirike. Baba hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Kila nikifungua bahasha ni mwandiko wako, na salamu zake zimepita kwenye kalamu yako. Wakati mwingine naona ulimchukua Baba mzima ukaniachia hilo swali la koti.

Paulette


Akron, 15 Julai 1979

Paulette,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Huku ni joto, lami inanata kwenye viatu, na kiwanda kimepunguza watu wengine mia mbili. Shangazi Ludmila kavunjika mkono, anapika kwa ule mmoja na kuwagombeza watu kwa wote wawili. Baba anakula kidogo.

Barua zako hazijaja. Imekuja bili ya umeme tu.

Umesema nilimchukua Baba mzima. Sikutaka kulijibu hilo, ndiyo maana kalamu imelala miezi miwili. Sasa nalijibu.

Mashine ile niliijenga mimi, chini ya nyumba hii, majira mawili ya baridi. Vipande vingine niliagiza kwa posta, vingine nilivichomoa kwenye televisheni zilizokufa ambazo Bwana Kocsis alitaka kuzitupa. Wewe ulikuwa unashika tochi. Ulikuwa unaishika vizuri, sikatai. Septemba ile ya 1977 nililala hospitali na Baba siku mbili. Niliporudi nikashuka chini, nikakuta meza yote imejaa vumbi isipokuwa mstatili mmoja katikati. Sikulifuta vumbi lile mpaka Krismasi.

Sasa watu wanakushangilia wewe kwa kulehemu waya mmoja.

Bwana Kocsis aliniona nimelitazama jalada lako wakati wa chakula cha mchana. Akaniambia, "Marlene, wewe unamwonea wivu mdogo wako." Nikamwambia nina televisheni kumi na moja zinanisubiri, nimwonee wivu saa ngapi.

Marlene


San Francisco, 2 Agosti 1979

Marlene,

Msalimie Baba, na Shangazi mpe pole ya mkono.

Tiketi za basi la kuja huku zilikuwa mbili, yangu na yako. Jumapili, umesimama kwenye sinki, ulisema, "Nenda wewe, mimi nina Baba." Nikakwambia Baba ana mafua tu. Ukasema, "Chukua na mashine, ikibaki itanikaa machoni." Nakumbuka mpaka sahani uliyokuwa unaosha. Niliondoka Jumatano. Baba alilazwa Alhamisi, nami niko ndani ya basi katikati ya Nebraska, sijui lolote. Wewe umezikunja siku hizo zote zikawa moja, ili mimi niwe mwizi.

Usiniandikie mpaka uisikilize ile santuri.

P.


Akron, 9 Desemba 1979

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu ulinipa sharti, nami nimekaa miezi minne bila kulitimiza. Sasa salamu: sote tupo, Baba ana nafuu, theluji imefika magotini. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuchana.

Jumanne nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Nikiwa bado barazani napangusa viatu, nikasikia mtu anaongea jikoni kwetu, sauti ya mwanamke, taratibu: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani. Chini yake kuna mdundo kama moyo wa ng'ombe. Nikaingia. Baba amekaa mezani na gramafoni mbele yake. Boksi lako lipo sakafuni, limefunguliwa, na kando yake mfuko wa karatasi. Alikuwa ameshuka chini kutafuta taa za Krismasi.

"Kaa," akasema.

"Baba, madaktari wamekukataza ngazi."

"Kaa, Marlene. Gramafoni hii ina sindano. Nimeitazama mara mbili."

Nikakaa. Ile sauti ikaendelea: samawati, zambarau, kijivu, nyeupe, kisha ikaanza tena.

"Huyu anayehesabu rangi ni nani?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilipokuwa zamu ya tatu, ile ya usiku, nililala mchana juu ya sauti hiyo miaka miwili. Nakuuliza kama wewe ulijua kwamba umo humu."

Sikujua, Paulette. Sikuwahi kutoa hata moja kwenye jalada. Ulinirekodi lini? Ninavyohesabu zile rangi ni kama mtoto anavyohesabu vidole, kila fundi hufanya hivyo, ndizo zinazochorwa kwenye kipande kukwambia kina nguvu gani. Nilikuwa nazisema kwenye maikrofoni kupima kama mashine inanisikia. Baba akaitoa santuri, akanipa niisome ile karatasi ya katikati. Upande wa pili: "Fundi". Na chini, kwa herufi ndogo: Sauti na mashine, M. Hudak.

Sasa nikuambie yaliyobaki, maana Baba amesema asiposikia nimeyaandika ataandika yeye.

Sikwenda dukani. Sikwenda redio. Nakala zako arobaini zilikaa chini ya ngazi tangu Aprili. Na barua zilikuja. Ya kwanza ilikuja Mei, siku tatu baada ya ile yako ya kopo la bia, na mpaka sasa ni kumi na tisa. Nilikuwa nazitia kwenye ule mfuko bila kuzifungua, nikijiambia kwamba zote zimejaa sifa zako, na sifa haziozi zikikaa. Tumezifungua Jumanne, mimi na Baba. Kumi na nne zinauliza M. Hudak ni nani.

Moja ni ya Detlef Brandes wa Hamburg, mwandaaji wa maonyesho ya muziki. Alitaka kuipeleka bendi yenu ikapige kwenye miji minane mwezi Oktoba, na alitaka jibu kabla ya Agosti kuisha. Ilifika Julai. Siku niliyokuandikia kwamba imekuja bili ya umeme tu, ilikuwa mkononi mwangu, ina stempu nzuri ya bluu.

Bwana Kocsis alisema kweli. Na ya sinki ni kweli. Baba alikuwa na mafua. Mimi niliogopa kwenda mahali ambapo hakuna anayenijua, halafu ukaenda wewe ambaye siku zote uliogopa giza la ngazi. Nilikuonea wivu tangu basi lilipoondoka, na ulipofanikiwa wivu huo ukanizidi nguvu.

Barua zote zimo humu. Na Baba anataka kuandika chini.

Marlene

Paulette. Hicho kishindo cha upande wa kwanza ndicho hasa cha mashine namba saba ya kiwandani, ilivyokuwa inalia alfajiri watu wakichoka. Uliisikia wapi? Ulikuwa mtoto ukija kuniletea chakula. Umeisikia vizuri. Baba yako.


San Francisco, 6 Januari 1980

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Baba. Mstari wake nimeusoma mpaka karatasi imelegea.

Barua yako nayo nimeisoma. Siku mbili za kwanza nilikuwa nakutukana kwa sauti nikiwa kazini. Nashona magodoro siku hizi, mashine zinapiga kelele, hakuna anayesikia. Siku ya tatu nilinyamaza, kwa sababu na mimi nina langu ambalo nilidhani nitakufa nalo.

Bendi ilikufa Septemba. Kila nilipokuandikia ilikuwa inakufa. Rodney aliondoka akisema ulimwengu mzima umetukalia kimya. Labda angebaki kama ile ya Hamburg ingetufika. Labda asingebaki, maana alichukia kwamba kila tukimaliza kupiga watu wanauliza upande wa pili. Nami nilichukia pamoja naye.

Ndiyo. Nilikuweka pale kwa moyo mweupe, nilitaka ushtuke ukicheka peke yako jikoni. Sikujua watakupenda. Mwezi Mei, baada ya lile onyesho, akanijia msichana mmoja amenyoa kichwa, akaniambia, "Wewe mzuri, lakini huyo M. Hudak yuko wapi? Yule ndiye ninayetaka kumwona." Nikamjibu kwamba M. Hudak si mtu, ni jina la mashine. Akasikitika kweli.

Tulipotoa zile mia mbili nyingine nililifuta jina lako. Mimi mwenyewe, kwa wembe, kwenye ile karatasi ya kwenda kiwanda cha santuri. Ukiipata santuri ya toleo la pili hutajiona. Kuna watu mia mbili wanaosikia sauti yako na hawajui kama uliwahi kuzaliwa.

Kwa hiyo sijui nani aanze kumwomba mwenzake radhi. Nimekaa nimefikiri, nimeshindwa. Mwandikie huyo Brandes wewe. Usimtaje mtu wa bendi. Tia jina lako lote.

Paulette


Akron, 17 Februari 1980

Mdogo wangu Paulette,

Tumepata baridi ya kugandisha mabomba, lakini tupo. Shangazi Ludmila mkono umepona na sasa anagombeza kidogo.

Ya wembe iliniuma zaidi kuliko nilivyotarajia. Niliiweka barua yako, nikaenda kutengeneza televisheni tatu, nikarudi, bado inauma. Nakwambia ili ujue, si ili nikulipize.

Nilimwandikia Brandes. Amejibu. Anasema Oktoba imepita lakini miji ipo pale pale, kuanzia mwisho wa Aprili. Mtu mmoja na mashine moja, anasema, nauli ni yake. Nikaandika kwamba haiwezekani kwa sababu nina mzazi mgonjwa. Nikamsomea Baba, nikidhani atanisifu.

"Mimi nina mabinti wangapi?" akaniuliza.

"Wawili."

"Basi mwite yule mwingine. Na karatasi hiyo itie jikoni kwenye moto."

Najua ninachokuomba. Ni kile nilichokukatalia mbele ya sinki, ila sasa tumebadilishana mahali. Kama hutaki, sema hutaki, usinitafutie mafua ya mtu. Ukija, njoo na mashine, nitaitoa hiyo stika. Bwana Kocsis atahitaji mkono wa kulehemu, na wewe unao.

Ninaogopa vile vile kama mwaka ule.

Marlene


Akron, 18 Mei 1980

Dada Marlene,

Salamu kutoka kwenye meza yetu. Baba hajambo. Anakula kuliko alivyokuwa anakula kwako, naomba ulisome neno hilo mara mbili. Nimempikia kabichi ya kujaza nyama, akamaliza tatu na kusema za Marlene zina chumvi ya kutosha. Bwana Kocsis naye hana siku anayopitisha bila kuniambia wewe ungefanyaje. Jana nilimuuliza kama anataka nimpigie simu Ujerumani umwelekeze. Akasema akijua namba atapiga mwenyewe.

Gazeti ulilotuma limefika. Baba hajui Kijerumani, lakini "Hudak" anaisoma kwa lugha yoyote, kwa hiyo ameikata picha yako na kuibandika kwenye friji. Umesimama nyuma ya mashine, umefumba macho, na mbele yako kuna watu wengi kuliko niliowahi kuwapigia mimi katika maisha yangu yote. Naipita picha hiyo kila nikichukua maziwa. Alhamisi niliigeuza ikatazama mlango wa friji. Baba akaja, akaigeuza tena, akanywa maji yake, akaondoka.

Nakuonea wivu, dada. Naamka nao, nakwenda nao kazini, narudi nao. Nimeamua kukwambia waziwazi, nisije nikautafutia mahali pa kuuficha.

Umeniandikia kwamba watu wa Bremen walikuita tena jukwaani mara tatu na ulitetemeka mpaka ukakosea mpangilio wa rangi, ukasema njano kabla ya chungwa, wakadhani ni wimbo mpya. Nilicheka, nikamsomea Baba naye akacheka mpaka kikohozi kikaja. Kisha mwishoni, kwa mwandiko mdogo, unasema wamekuomba uongeze mwezi wa Juni, na kwamba umewaambia wasubiri kwanza ujue hali ya nyumbani, na kama nimechoka urudi.

Nimechoka. Dawa za Baba ni saba kwa siku na anazihesabu vibaya makusudi. Ngazi za chini zinanitisha vile vile kama zamani, na ndiko kuna mashine ya kufulia. Ningeweza kukuandikia hayo tu nikafunga bahasha, ungepanda ndege wiki ijayo. Niliiandika barua hiyo. Nimeichana, naandika hii.

Ongeza Juni.

Mdogo wako,
Paulette